Shajara ya mradi: roboti ya kufuata mwanga isiyo na kompyuta, Kisumu

Jumamosi, 18 Januari 2025. Tunachotaka kujenga

Muhula huu klabu yetu ya sayansi inajenga roboti ndogo ya magurudumu mawili inayofuata mwanga wa tochi. Tumejiwekea masharti mawili: roboti moja isizidi shilingi 1,500, na ndani yake kusiwe na kompyuta ya aina yoyote, yaani hakuna Arduino (bodi ndogo ya kompyuta inayoandikiwa programu) na hakuna programu.

Sharti la pili limezua ubishi mkali, na walioanzisha ubishi huo walikuwa na hoja, kwa hiyo naandika sababu zangu hapa. Bodi ya Arduino ya kuiga tumeikuta madukani mjini kwa 1,500, na bodi ya kuendeshea mota ni 350 juu yake. Shule ikijikakamua ikanunua moja, darasa zima linaizunguka na mikono inayoigusa ni ya mtu mmoja au wawili. Ila bei si kitu cha pekee. Programu ya kufuata mwanga imeshaandikwa na iko mtandaoni. Mwanafunzi anainakili, roboti inatembea, kisha ukimuuliza kwa nini imekata kushoto anakutazama tu. Nataka swali hilo lijibiwe kwa mita ya kupimia umeme, waya baada ya waya.

Na si ndoto. William Grey Walter, mtafiti wa ubongo aliyekuwa akifanya kazi Bristol, Uingereza, alijenga mashine mbili za namna hii kati ya 1948 na 1949, akazipa majina Elmer na Elsie. Kila moja ilikuwa na jicho moja la kuhisi mwanga, vali mbili za redio (mirija ya kioo ya kukuza umeme) na mota mbili, na ziliweza kuutafuta mwanga na kujinasua zikigonga kitu. Transista (kidude ambacho kwa mkondo mdogo huongoza mkubwa) ya shilingi thelathini inayouzwa Kisumu leo ni ndogo, imara na haili umeme kama vali zake.

Naandika kwa ajili ya walimu na wanafunzi watakaotaka kujenga ya kwao. Bei zote ni tulizolipa sisi.

Jumatano, 29 Januari. Mwili

Mwili ni kipande cha plaiwudi cha sentimita 15 kwa 12, tulichokipata kwa fundi seremala kwa shilingi 50. Mbele hakuna gurudumu la tatu la kununua. Tumeng'oa kichwa cha chupa tupu ya rolon, ile yenye kijipira kinachozunguka, tukakibandika chini kwa gundi ya moto. Kijipira hicho kinateleza upande wowote bila kukwama, na kila nyumba ina chupa ya hivyo inayongoja kutupwa. Kioshe kwanza kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo mabaki ya manukato hunasa vumbi na kijipira hukaza.

Magurudumu ndiyo yaliyotusumbua. Tulianza na mota za gari za watoto za mitumba, mbili kwa 300, tukitegemea gia zilizomo ndani. Kumbe gari mbili zinazofanana kwa nje si lazima zifanane kwa ndani. Kwa betri ileile, upande mmoja ulizunguka haraka waziwazi kuliko mwingine, na roboti isiyo na jicho lolote ilikuwa tayari inapinda kulia. Tungeweza kuupunguza mwendo upande wenye kasi kwa rezista (kidude cha kupunguza mkondo), lakini mota iliyopunguzwa hivyo hukosa nguvu ya kuondoka ikiwa imesimama.

Hapo tukanunua mota mbili za njano zenye gia za plastiki, za volti 3 hadi 6, zinazouzwa pamoja na gurudumu lake. Moja ni 300. Ndizo sehemu ghali kuliko zote katika mradi huu, na baada ya majaribio ya gari za watoto sioni pa kuzikwepa. Zimefungwa kwenye plaiwudi kwa waya na gundi ya moto.

Jumapili, 9 Februari. Macho, saketi ya kwanza

Jicho ni LDR, kidude kidogo cha duara chenye mstari uliojikunja usoni. Gizani ukinzani wake ni mkubwa, hufika kwenye megaohmu; mwanga ukiongezeka, ukinzani unashuka. Tumenunua kumi kwa shilingi 20 kila moja ingawa roboti inahitaji mbili tu. Sababu itaonekana baadaye.

Saketi hii tuliijenga kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka vifaa bila solda), na mahali pa mota tukaweka taa mbili ndogo za LED ili tuone uamuzi bila kuchoma kitu. Kila jicho lilikuwa na rezista yake ya kilo-ohmu 10, na kila moja likipimwa dhidi ya kizingiti chake (volti tuliyoiweka kuwa mpaka) na chipu ya LM393. Chipu hiyo ina vilinganishi viwili ndani: kila kimoja hupokea volti mbili na kusema ipi imezidi. Ni shilingi 50, na soketi yake ya miguu minane 20. Usiache kununua soketi, maana chipu iliyochomelewa moja kwa moja kwenye bodi haitoki salama.

Jioni, taa za maabara zikiwa zimezimwa, ilifanya kazi vizuri mno. Tochi kushoto, taa ya kushoto inawaka. Tochi kulia, inawaka ya kulia. Wanafunzi walipiga makofi.

Mchana wa kesho yake, saketi ileile, hakuna waya uliosogezwa, taa zote mbili ziliwaka na hazikuzimika hata tochi ilipoondolewa. Tukakaza vizingiti hadi zikazimika. Wingu likapita juu ya paa, chumba kikafifia, na sasa tochi haikuonekana kabisa hata ikiletwa karibu. Kila tuliporekebisha, hali ya hewa nayo ilibadilika.

Hili ni kosa la mpango wenyewe, si la kifaa. Tuliiuliza saketi, "mwanga ni mwingi?", na wingi huo hauna kipimo kimoja. Jua la wazi ni kama laksi 100,000 (laksi ni kipimo cha mwanga), ilhali ndani ya darasa ni mia kadhaa. Hakuna kizingiti kimoja kinachoweza kukaa vyema katika pengo kubwa hivyo.

Ijumaa, 14 Februari. Linganisha, usipime

Hiki ndicho kiini cha mradi. Anayetaka kunakili kitu kimoja tu, anakili hiki.

Roboti haina haja ya kujua mwanga ni kiasi gani. Inahitaji kujua upande upi una mwanga zaidi. Kwa hiyo tumeziunga LDR mbili mfululizo: ya kushoto imeshika chanya ya betri, ya kulia imeshika hasi, na tunasoma volti pale zinapokutana katikati. Zikipata mwanga sawa, katikati kunasoma nusu ya volti ya betri, iwe asubuhi, mchana au jioni, kwa sababu zote mbili zinapanda na kushuka pamoja. Ni mizani ya duka: ukiongeza uzito uleule pande zote mbili, haiegemei popote.

Mwanga ukiingia zaidi kushoto, ukinzani wa kushoto unashuka na volti ya katikati inapanda. Ukiingia zaidi kulia, inashuka. Msichana wa kidato cha pili alifunika jicho moja kwa kidole huku akiitazama mita, akalifunua, akafunika la pili, akarudia hadi akaweza kutabiri tarakimu kabla ya kuisoma. Kisha akawaeleza wenzake bila mimi kuongeza neno. Kwa ajili ya dakika hiyo ningekataa Arduino tena.

Sasa vizingiti. Rezista tatu mfululizo kutoka chanya hadi hasi: kilo-ohmu 10, kisha 2.2, kisha 10. Zinatoa sehemu mbili za kusomea, ya juu ikiwa asilimia 55 ya volti ya betri na ya chini asilimia 45. Miguu ya LM393 inaungwa hivi. Mguu wa 8 ni chanya, wa 4 ni hasi. Sehemu ya katikati ya macho inaingia mguu wa 2 na wa 5 kwa pamoja. Kizingiti cha juu kinaingia mguu wa 3, cha chini mguu wa 6. Mguu wa 1 unaongoza mota ya kushoto, wa 7 mota ya kulia.

Matokeo yake: volti ya katikati ikiwa kati ya asilimia 45 na 55 ya betri, mota zote zinazunguka na roboti inakwenda mbele. Ikizidi 55, mota ya kushoto inasimama, ya kulia inaendelea, na roboti inakata kushoto kuelekea mwanga. Ikishuka chini ya 45, kinyume chake.

Rezista ya kati ndiyo inayoamua tabia. Tulianza na kilo-ohmu 1, pengo likawa jembamba mno na taa za LED zikawa zinapokezana bila kutulia. Kwa 4.7 roboti ingepotea njia kwanza ndipo ijirekebishe. Tumebaki na 2.2.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitafuta. Macho na vizingiti vinakula betri moja, kwa hiyo betri ikilegea vyote vinashuka kwa kiwango kilekile na uamuzi haubadiliki. Hatuhitaji kifaa cha kudhibiti volti.

LDR hazifanani, na hii ndiyo sababu ya kununua kumi. Tulizipanga mezani chini ya taa moja, tukapima kila moja, tukachagua zilizokaribiana. Hata hizo hazikulingana: kushoto kilo-ohmu 3.1, kulia 2.6. Tumeweka presedi (rezista ya kuzungusha kwa bisibisi) ya kilo-ohmu 1 katikati ya macho mawili ili kusawazisha, na imesawazisha.

Jumamosi, 22 Februari. Mota ambazo hazikutaka kuzunguka, kisha hazikutaka kusimama

LM393 haiwezi kubeba mota. Kazi yake ni kutoa amri, na transista ndiyo inayobeba mzigo. Zaidi ya hapo, tokeo lake huweza kuvuta chini tu. Haliwezi kusukuma juu. Ndiyo maana kila tokeo linahitaji rezista inayopanda hadi chanya, na kupitia rezista hiyo mguu wa besi wa transista, ule unaopokea amri, unapata mkondo.

Transista tulizokuwa nazo zilitoka kwenye balbu za kuokoa umeme zilizoungua. Kila balbu ya hivyo ina mbili za aina ya 13003 na hazina gharama, kwa hiyo tuliona tumepata bahati. Mota zilinguruma kidogo na hazikusogea. Tukadhani besi inapata mkondo mdogo, tukapunguza rezista ya kupandisha kutoka kilo-ohmu 1.5 hadi ohmu 470. Mota zikazunguka, kwa uvivu. Lakini sasa hazikusimama! Tochi upande gani, hazikujali.

Tulipima mguu wa 1 wa chipu wakati ulipotakiwa kuwa chini kabisa. Ulisoma karibu volti 1. Hapo ndipo tatizo lilipokaa. Chipu hii inavuta mkondo kidogo tu. Kwa ohmu 470 ilitakiwa kumeza zaidi ya miliampia 12, ikalemewa, na mguu haukushuka vya kutosha. Transista hufunguka besi ikifika kama volti 0.6, kwa hiyo ilibaki wazi saa zote.

Bodi niliibeba hadi kwa fundi wa redio mmoja sokoni Kibuye, mzee ambaye amekuwa akinisaidia tangu mwanzo wa mradi. Aliitazama transista kabla hata ya kuuliza shida ni nini.

"Mwalimu, hii ya balbu ni ya volti nyingi. Kubeba haiwezi. Besi unailisha nyingi, yenyewe inatoa kidogo."

"Sasa niweke gani, mzee?"

"D882. Hiyo hata ukiinusisha inafungua."

Alisema kweli. Transista ya 13003 hukuza mkondo mara 8 hadi 40 hivi. D882 hukuza mara 60 hadi 400 kulingana na daraja lake. Tumerudisha rezista ya kilo-ohmu 1.5, tukaweka D882 mbili kwa shilingi 30 kila moja, na mota zinaondoka na kusimama kwa amri. Ukiishika D882 maandishi yakikutazama na miguu ikielekea chini, kutoka kushoto ni emita, kolekta, besi. Emita iende hasi, kolekta iende kwenye mota. Transista za kuchomoa kwenye vifaa vingine zipime miguu kwa mita kwanza, hazifuati mpangilio mmoja.

Mtu akiuliza kwa nini tusiongeze tu mkondo wa besi, jibu ni kwamba chipu ina kikomo chake. Ukikosa nguvu, badilisha transista, usiikamue chipu.

Kazi ya solda ilikatizwa na mvua ya alasiri, stima ikapotea. Tulimalizia kwa ncha ya chuma iliyopashwa kwenye jiko la makaa, jinsi mafundi wa jua kali wanavyofanya. Inafanya kazi, ila ncha inahitaji kufutwa jivu kila inapotoka motoni, na usiguse chipu kwa njia hiyo.

Jumatano, 5 Machi. Kelele na betri

Roboti sasa ina kila kitu juu ya verobodi (bodi yenye matundu ya kuchomelea vifaa) na inatembea sakafuni. Mota zikianza kuzunguka, saketi ya kulinganisha ilikuwa inatetemeka. Brashi za mota hurusha cheche ndogo, na cheche hizo hupita kwenye waya hadi kwa chipu. Dawa: kapasita (kidude cha kuhifadhi chaji) iliyoandikwa 104 kwenye miguu miwili ya kila mota, ikichomelewa kwenye mota yenyewe wala si mbali kwenye bodi, diodi ya 1N4007 (hupitisha mkondo upande mmoja tu) sambamba na kila mota, mstari wake ukielekea chanya, na kapasita moja ya maikrofaradi 470 kati ya chanya na hasi. Diodi usiiache hata kama roboti inaonekana kutembea bila hiyo. Mota inapokatwa ghafla hurudisha volti kubwa, na anayeipokea ni D882.

Betri za mawe, nne kwa shilingi 160, hazikudumu. Tulinunua seti ya pili, nayo ikaisha baada ya alasiri moja ya majaribio. Kwa mradi wa shule huo ni mfereji wa pesa.

Tumehamia seli za lithiamu za 18650 kutoka kwenye betri za laptopu zilizokufa. Betri ya laptopu ikifa, mara nyingi seli moja au mbili ndizo zilizokufa na zilizobaki ni nzima. Fundi wa kompyuta mjini alituuzia seli mbili kwa 80 kila moja, akiwa ameshazichomoa mwenyewe. Hapa naomba usikivu. Kuvunja betri ya laptopu isiwe kazi ya mwanafunzi; bisibisi ikigusa pande mbili, seli hushika moto. Seli iliyoshuka chini ya volti 2.5 usijaribu kuifufua. Usichomelee waya kwenye seli, tumia kishikizo (cha seli mbili ni 120). Na usichaji zikiwa zimeungwa mfululizo: toa kila moja, ichaji peke yake kwa bodi ndogo ya TP4056, shilingi 100, inayotumia chaja ya simu. Hujisimamisha seli ikifika volti 4.2. Kwetu seli zinakaa kwenye kabati langu, na huchajiwa nikiwa chumbani.

Seli mbili zikiwa zimejaa ni volti 8.4, na mota zetu ni za 6. Roboti ilikimbia, ikaupita mwanga, ikageuka, ikaupita tena. Tumeweka diodi mbili za 1N4007 mfululizo kati ya betri na mota, kila moja inakula kama volti 0.7. Mwendo umepungua na sasa inakata kona kwa utulivu. Chipu na macho vinaendelea kula betri moja kwa moja.

Alhamisi, 20 Machi. Jua la utosini

Leo tumeitoa nje, na leo ndipo presedi ilipotukwamisha.

Ndani ya maabara roboti ilikuwa safi. Kwenye kivuli cha ukuta, uwanjani, ilizunguka kushoto mfululizo bila kuijali tochi wala kioo tulichotumia kuielekezea jua. Hakuna waya uliolegea. Tukapima macho: kushoto ohmu 190, kulia 160.

Hesabu ilimaliza ubishi, na wanafunzi waliifanya kwa fimbo mchangani. Uwiano wa macho ni uleule wa maabara, kwani 3.1 kwa 2.6 na 190 kwa 160 zote zinatoa 1.19. Hilo ni jambo jema, maana yake kasoro ya jozi yetu haibadiliki na mwanga. Tatizo ni presedi iliyokaa katikati yao. Maabara ilikuwa imeongeza ohmu 250 upande wa kushoto na 750 upande wa kulia, na pande zote zikawa 3,350. Nje, ohmu zilezile zinafanya kushoto iwe 440 na kulia 910. Volti ya katikati inaruka hadi asilimia 67 ya betri, mbali juu ya kizingiti cha 55. Mota ya kushoto inasimama na haitaondoka tena. Marekebisho yaliyokuwa kitone ndani ya darasa yalikuwa makubwa kuliko macho yenyewe nje.

Kasoro ya uwiano lazima irekebishwe kwa uwiano. Tumeitoa presedi kabisa kati ya macho, tukaunga macho moja kwa moja, na tukahamishia marekebisho kwenye ngazi ya vizingiti: ile rezista ya juu ya kilo-ohmu 10 tumeibadilisha kwa rezista ya 4.7 na presedi ya kilo-ohmu 10 mfululizo. Sasa ukizungusha presedi unasogeza vizingiti vyote viwili juu au chini, na kipimo kilichokaa sawa maabara kimekaa sawa uwanjani. Hatukukigusa tena.

Jambo la pili lilitokea tulipoiweka juani kabisa. Mvulana mmoja aligusa LDR akavuta mkono. Ilikuwa ya moto. Kwenye jua la wazi ukinzani wa kila jicho ulishuka chini ya ohmu 100, na kwa volti 8 mkondo unaopita humo unalifanya kila jicho litoe joto zaidi ya miliwati 100, ambacho ndicho kikomo cha LDR ndogo za aina hii. Kuweka rezista za kupunguza mkondo kungerudisha tatizo la presedi kwa mlango wa nyuma. Tumepunguza mwanga badala yake: kila jicho limevalishwa kipande cha mrija wa soda kilichozungushiwa utepe mweusi, na karatasi nyeupe moja mdomoni. Kisumu iko jirani kabisa na Ikweta, inayopita Maseno, na mwezi huu jua la mchana liko utosini. Mirija ikilala mbele, jua hilo haliingii ndani yake.

Mirija ya kwanza ilikuwa ya sentimita 4 na roboti ikawa haioni chochote kisicho mbele yake moja kwa moja. Tumekata hadi 1.5, tukaielekeza nje kidogo, kushoto na kulia, na kati yake tumesimamisha ukuta wa kadibodi nyeusi. Ukuta huo umesaidia kuliko nilivyotarajia. Tochi ikiwa pembeni, kivuli chake kinalifunika jicho la upande wa pili na tofauti inakuwa kubwa.

Jumamosi, 29 Machi. Ilipofika, hesabu na kilichobaki

Roboti inafuata tochi ndani ya maabara mchana madirisha yakiwa wazi, uwanjani kivulini, na jioni. Chini ya taa za stima hakuna shida. Taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, lakini LDR ni nzito kuitikia na haioni mpepeso huo. Juani kabisa haifuati tochi, wala haiwezi kuifuata, kwa kuwa tochi ya mkononi haiongezi kitu juu ya jua. Hufuata kioo.

Saa kumi jioni, jua likiinama upande wa magharibi, hulifuata jua lenyewe na kuiacha tochi. Wengine klabuni wanaona ni kasoro. Mimi naona inafanya kile ilichoundwa kufanya.

Gharama ya roboti moja, ukijenga bila kupitia tulikopitia: mota na magurudumu 600; LDR mbili 40; LM393 na soketi 70; D882 mbili 60; rezista tano 25; presedi 40; diodi nne 20; kapasita tatu 30; verobodi 60; swichi 30; kishikizo 120; seli mbili 160; plaiwudi 50; waya na solda 100. Jumla 1,405. Bodi ya kuchajia, 100, inatumika kwa roboti zote. Mita, bredibodi na chuma cha solda shule ilikuwa navyo.

Vilivyotumika bila kuingia kwenye roboti ni gari za watoto 300, betri za mawe 320 na LDR nane za ziada 160, jumla 780. LDR hizo nane si hasara, jozi nyingine zitatoka humo. Ukijenga roboti kadhaa, nunua LDR zote kwa pamoja, zipime chini ya taa moja na uzigawe kwa jozi.

Kilichobaki ni giza. Chumba kikiwa cheusi kabisa, macho yote mawili yako sawa, na roboti inatafsiri hali hiyo kuwa "mbele": inatembea hadi ukutani na kuendelea kusukuma. Saketi ya kulinganisha haina namna ya kujua kwamba hakuna mwanga wa kulinganishwa. Muhula ujao tutabadilisha LM393 kwa LM339, yenye vilinganishi vinne. Viwili vitabaki na kazi ya sasa, na cha tatu kitapewa jicho la ziada lenye kizingiti chake, ile saketi ya tarehe 9 Februari tuliyoiacha. Giza dhidi ya mwanga ni tofauti kubwa kiasi kwamba kizingiti kimoja kitatosha. Miguu ya LM339 haijapangwa kama ya LM393, kwa hiyo verobodi itachorwa upya. Mchoro huo wamepewa kidato cha pili.